Nyayo Zinazoruhusiwa

Mwongozaji wa matembezi alianza kazi kabla wageni hawajapelekewa chai. Alichukua tawi lake nyuma ya jiko la kambi, akalifunga kamba, akalikokota kwenye njia ya mchanga iliyotoka kambini, ikapenya kichakani na kuishia kwenye magofu yaliyo karibu na ufuko. Majani ya tawi yalifuta kila alama iliyoachwa: ya mpishi aliyekwenda kuteka maji, ya walinzi, ya wageni wa jana, na ya yeye mwenyewe. Akifika mwisho alirudi kwa kupita majini, ambako bahari ilifuta bila kudai mshahara.

Kambi ile ilikuwa mwisho kabisa wa pwani ya kusini, mbali na barabara ya lami, na wageni walikuja ili watembee kwa miguu porini na kuwatazama wanyama. Walikuwa wameahidiwa kwamba watakanyaga mchanga ambao haujawahi kukanyagwa na binadamu. Kwa kuwa kila siku walikuja wengine, kila siku ilibidi mchanga urudi kuwa haujakanyagwa. Wafanyakazi wenzake walimwita Fagio, naye alikuwa ameshalizoea jina hilo. Sharti la kazi lilikuwa moja na halikuhitaji akili nyingi: nyayo za watu zifutwe, nyayo za wanyama ziachwe.

Asubuhi moja, karibu na magofu, alikuta nyayo zilizotoka ufukweni. Unyayo wa kushoto ulikuwa wa mtu, mpana, kidole gumba kimejitenga kidogo na wenzake. Wa kulia ulikuwa ukwato mdogo uliopasuka katikati. Kushoto mtu, kulia mbawala, kushoto mtu, kulia mbawala, mpaka mlangoni. Fagio alikitambua kile kidole gumba mara moja, maana kilikuwa cha mama yake. Aliinama, akazifuta za kushoto kwa kiganja, moja moja, akaziacha za kulia, kwa sababu sharti lilikuwa wazi. Kisha akaingia ndani kumwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeleta chai?"

"Nimeleta. Mguu umefanyaje?"

"Umeanza juzi, kwenye ukucha," mama akasema, akaunyoosha juu ya mkeka ili binti auone vizuri. Kuanzia gotini kushuka ulikuwa mwembamba na mkavu, una manyoya mekundu yenye madoa meupe. "Hauumi. Ila kiatu ndiyo hakikai."

"Na huo mwingine?"

"Huo nao umeanza kuwasha. Mimina basi, itapoa."

Fagio akammiminia. Mama akanywa chai yake, akalalamika kwamba sukari ni chache, na mazungumzo yakahamia kwenye sukari.

Hayo yaliyoitwa magofu yalikuwa nyumba yao. Fagio alizaliwa katika chumba cha mkono wa kushoto, na baba yake alikufa katika chumba cha mkono wa kulia, akazikwa nyuma ya jiko lao, mahali ambapo upepo wa bahari hauleti chumvi. Kisha ikaja kampuni ikiwa na ramani. Kwenye ramani ile pwani yote ilikuwa tupu, na watu wa pale walielezwa kwa heshima kwamba kwa mujibu wa ramani wao hawapo. Waliobisha walisomewa ramani kwa sauti. Mwishowe wakapakiwa kwenye malori pamoja na vitanda vyao, wakapelekwa makazi mapya, ndani kabisa, kwenye ardhi ya mawe ambako hata kuku walichimbua wakakata tamaa.

Nyumba zote zilisawazishwa isipokuwa hiyo moja. Msanifu wa kampuni alipita jioni, akaona jinsi jua linavyopiga ukutani, akasema ukuta huo una huzuni nzuri. Wakang'oa mabati, wakabomoa pembe moja ili nyumba ionekane imebomoka yenyewe, wakapanda na mti wa kutambaa. Kwenye mwimo wa mlango kulikuwa na alama za kisu, ambazo baba alichonga kila mwaka kupima urefu wa Fagio na wa kaka yake. Kampuni iliamua kwamba hiyo ni kalenda ya watu wa kale. Nyuma ya jiko waliondoa mawe ya kaburi, kwa vile yalikuwa yanaharibu mandhari, wakaweka benchi lenye kibao kilichoandikwa Benchi la Kutafakari. Wageni walikaa hapo kulilia ndoa zao zilizovunjika.

"Wamemwekea baba yako benchi juu ya kifua," mama alimwambia Fagio siku aliyorudi. Alikuwa ametembea kwa miguu kutoka makazi mapya, amebeba mkeka, sufuria na kitabu chake cha dini. "Mtu aliyekuwa hapendi hata kuwekewa blanketi zito."

Alikuwa amerudi kwa jambo moja, na hakulificha. Alimwahidi mume wake kwamba atalala ubavuni pake, na hakuwa na nia ya kukaa kwenye mawe kungoja kufa mbali naye. Alijibanza katika chumba cha mkono wa kulia, ambacho wageni hawakuruhusiwa kuingia kwa usalama wao, na Fagio akawa anamletea chai na chakula kwenye mkoba wa dawa za huduma ya kwanza. Kila siku aliwaleta wageni mpaka mlangoni, akasimama mita chache kutoka kwa mama yake mzazi, na kusema maneno aliyoandikiwa na meneja: "Magofu haya ni ya kale. Waliojenga hawajulikani."

"Hawajulikani, ehe," mama alinong'ona kutoka ndani, mara ya kwanza alipoyasikia.

Fagio alikohoa ili kumfunika. Mgeni mmoja akampa pipi ya kikohozi.

Mguu wa pili ulipobadilika, mama aliacha kujificha vizuri. Kwato hazikujua kunyata. Zilipiga sakafu ya saruji koh, koh, koh, na mchana mmoja, wakati Fagio anawaeleza wageni kuhusu kalenda ya watu wa kale, mama alitokea mlangoni amejifunga kitambaa chake cha kichwa, anatafuta kivuli. Wageni wakainua kamera. Walipiga picha za miguu, wakaikata sehemu ya juu. Jioni ile picha zilikuwa zimeshafika kwa meneja.

Meneja aliitwa Bwana Utulivu, kwa sababu neno hilo halikukauka mdomoni mwake. Chakula chake kilikuwa na utulivu, mashuka yake yalikuwa na utulivu, na siku alipomfukuza fundi bomba alimwambia kwamba anamwachia utulivu wa kutafuta kazi nyingine. Alikuja magofuni na walinzi wawili pamoja na gari lililowashwa tayari. Alimtazama mama tokea kitambaa cha kichwa mpaka kwenye kwato, akakunja uso kama mtu aliyekuta nywele kwenye supu.

"Huyu mtu ameingiaje hapa?"

"Nimeingia kwa mlango," mama akasema. "Aliuweka mume wangu."

"Mtoeni taratibu," meneja akawaambia walinzi. "Bila kelele. Wageni wamelala."

Hapo ndipo Fagio alipofanya kosa lake. Alikuwa na siku zote za maisha yake za kusema kwamba huyu ni mama yangu na hii ni nyumba yetu, na angefukuzwa kazi, na mama angepakiwa kwenye gari, lakini lingekuwa limesemwa. Badala yake alitumia lugha ya kambi, ambayo ilikuwa imemkaa mdomoni kuliko alivyofikiri.

"Bwana meneja," akasema, "huyu si mtu. Ni mbawala. Kuhamisha mnyama bila kibali ni kosa."

Hakuna aliyecheka. Walinzi walirudi nyuma hatua moja, kama walivyofundishwa kufanya mbele ya mnyama. Meneja alizima gari na kuagiza aitwe daktari wa wanyama.

Daktari alikuja kesho yake akavaa glavu. Alikuwa kijana mtaratibu, aliyezoea wagonjwa wasiojibu. Alimpima mama mapigo ya moyo, akamshika masikio, ambayo usiku ule yalikuwa yamerefuka, akamwomba afungue mdomo.

"Meno ya mbele ya juu?"

"Yameng'oka jana," mama akasema.

"Unacheua?"

Mama alimtazama binti yake kwanza. "Naona aibu kusema mbele za watu," akajibu, "lakini nacheua."

Daktari akavua glavu. "Amevuka nusu," akamwambia meneja. "Kisheria ni mbawala jike, mzee, mwenye afya."

Bwana Utulivu aliangaza uso. Vipeperushi vya kambi vilikuwa na picha ya mbawala, na mbawala wenyewe walikuwa wamehama tangu jenereta lilipowekwa na muziki wa jioni ulipoanza. Wageni walikuwa wameanza kuuliza maswali. Sasa amempata mmoja, tena anayekaa sehemu moja, tena karibu na magofu, ambako kuna mwanga mzuri. Alimpa mkono mama, kisha akakumbuka, akaurudisha mfukoni.

"Kwa hiyo nitakaa hapa?" mama akauliza.

"Utakaa. Hakuna mtu yeyote anayeruhusiwa kukugusa wala kukusumbua. Sheria inakulinda."

"Jana ulikuja na gari kunitoa."

"Jana ulikuwa mtu, mama," meneja akasema kwa upole kabisa.

Alikuwa na masharti machache. Kitambaa cha kichwa kivuliwe, kwa sababu kinaharibu picha. Pete itolewe kabla kidole hakijawa ukwato. Mkeka na sufuria viondoke. Na mbele ya wageni asiseme neno. Mama alisikiliza yote, akauliza tu kama kichaka cha nyuma ya jiko, kwenye benchi, kimo katika eneo lake. Akaambiwa kimo. Basi akavua pete mwenyewe, akampa meneja amtunzie. Wiki iliyofuata pete hiyo ilikuwa kwenye kabati la kioo mapokezi, chini ya taa, na karatasi iliyosema: Pete ya kale, iliyopatikana magofuni.

Fagio aliiona akapita. Alijiambia kwamba ni pete tu, na mama amepata alichotaka.

Kaka yake, aliyekuwa na nyumba ya vyumba viwili huko makazi mapya, alipiga simu baada ya kusikia habari.

"Kwa hiyo ni kweli?"

"Ni kweli."

"Yaani mama ameona bora awe mnyama kuliko kukaa na mke wangu."

"Kaka, si hivyo."

"Si hivyo nini? Tulimtengea chumba, akasema kina mawe. Nikayatoa mawe, akasema kina joto. Sasa anakaa nyumba isiyo na paa na anakula majani." Akashusha sauti. "Anaendeleaje lakini?"

"Anaendelea vizuri. Manyoya yanamkaa."

"Haya. Msalimie. Mwambie wajukuu wanamuulizia."

Lakini kumpa salamu kulikuwa kumeanza kuwa kugumu. Asubuhi ya pili baada ya daktari kuondoka, mlinzi alimsimamisha Fagio mlangoni mwa magofu, akamwomba afungue mkoba wa huduma ya kwanza. Ndani kulikuwa na chupa ya chai na uji.

"Ni wa mama," Fagio akasema.

"Najua, dada. Mimi mwenyewe aliniuzia chumvi tangu nikiwa mdogo, na alikuwa ananiongezea kidogo." Mlinzi alikuwa anatazama pembeni. "Lakini kulisha wanyama ni kosa. Kuna kibao."

Kibao kilikuwepo. Fagio mwenyewe ndiye aliyekipigilia misumari.

Akaanza kumwona mama yake kama wageni walivyomwona, akiwa ameshika fimbo na amewaambia watu wasimame kimya. Mama alikuwa anatembea kwa miguu minne sasa. Alikula majani machanga ya mti wa kutambaa ulioletwa na kampuni, na Fagio alimjua mama yake vya kutosha kuona kwamba alikuwa anaula kwa makusudi. Wageni waliguna kwa furaha. Waliondoka nyumbani kwao kwa ndege, wakapanda gari siku nzima, wakaletewa mabegi na watu, wakapikiwa na watu, wakatandikiwa na watu, ili waje kusimama mahali pasipo na watu. Bibi mmoja mwenye kofia pana alishusha kamera, akanong'ona kwamba macho ya mnyama huyo yamemchoma moyo, ni kama ya mtu.

"Wengi husema hivyo," Fagio akasema.

Sauti ilikuwa ya mwisho kuondoka. Mama aliitumia kwa uangalifu. Mchana mmoja wageni walipokuwa wamekwenda kuogelea, Fagio alijifanya anaikagua pembe iliyobomolewa ya nyumba, mama akaja akasimama upande wa pili wa ukuta, na wakaongea bila kutazamana.

"Mwanangu, uko hapo?"

"Nipo, mama."

"Kucheua nimezoea. Kinachonichosha ni kupigwa picha nikiwa nimegeuka nyuma. Hawana mshipa wa aibu hawa watu." Akapumua kwa pua. "Sikiliza. Siku yangu ikifika, usikubali wanitupe. Nilaze kwa baba yako, upande wa ukutani. Yeye anapenda upande wa nje, anasema anasikia mlango."

"Nitakulaza."

"Usiseme tu. Kuahidi hata meneja anaahidi."

"Nitakulaza, mama, haki ya Mungu."

Baada ya hapo mama hakusema tena. Alibaki na mlio wa mbawala, mkavu na mfupi, unaofanana na kubweka. Aliutoa kila Fagio alipowafikisha wageni mlangoni na kutamka kwamba waliojenga hawajulikani. "Hawajulikani," angesema Fagio, na kutoka chumba cha mkono wa kulia ingekuja: bweh! Wageni waliona ni bahati ya ajabu. Meneja aliuona mlio ule ni biashara, akaubandika kwenye ratiba, baina ya chai ya asubuhi na matembezi ya ufukweni. Fagio alitakiwa aseme neno lile polepole, aache nafasi.

Mama alikufa mwishoni mwa kiangazi. Fagio alimkuta alipokuwa na tawi lake, amelala kwenye mchanga kando ya benchi, upande wa ukutani, miguu ameikunja vizuri chini yake kama alivyokuwa akiikunja kwenye mkeka. Fagio alikaa chini. Alilia kwa sauti, akiwa na sare ya kampuni na jina la kampuni kifuani, na hakujali kama wageni wameamka. Kisha akaenda ofisini.

"Pole sana," Bwana Utulivu akasema, akamvutia kiti. "Ni pigo kwetu sote."

"Naomba tumzike. Pale pale alipo. Kaka yangu yuko njiani na watu wanne na shuka. Hatutapiga kelele."

Meneja akaunganisha vidole. "Tatizo ni kwamba hifadhi hairuhusu mazishi ya watu. Hilo unalijua."

"Najua. Lakini mlisema si mtu."

"Sahihi. Na mnyama hazikwi. Mnyama anaachwa, asili ifanye kazi yake. Nikiruhusu kumzika mnyama mmoja, wageni wataona kaburi, na kaburi ni dalili ya watu."

"Kwa hiyo akiwa mtu hazikwi hapa, na akiwa mnyama hazikwi kabisa."

"Ukilitazama kwa utulivu," meneja akasema, "utaona hakuna mgongano."

Fagio alimchukia hapo hapo, moja kwa moja, bila kuzunguka. Akajichukia na yeye, maana neno mbawala lilitoka mdomoni mwake, na hakuna aliyemlazimisha. Kaka yake alisimamishwa getini. Alisimama na shuka jeupe limekunjwa mkononi, na wanaume wanne nyuma yake waliovaa nguo zao za heshima, na mlinzi akamweleza kwamba hakuna tangazo la msiba, kuna tangazo la mzoga.

Saa ile ile meneja aliwaalika wageni. Si kila siku mtu anapata kuwaona fisi na tai wakiwa kazini, tena akiwa amekaa kwenye benchi. Waliletewa mito ya kukalia na juisi. Fagio aliwekwa mbele yao na fimbo yake ili aeleze. Akaeleza.

Tai walifika kwanza. Walitua kwenye ukuta wa nyumba, wakajipanga, wakakunja mabawa na kuinamisha shingo. Hawakushuka. Kisha wakaja fisi watatu kutoka kichakani, wakamzunguka mama, wakamnusa usoni, halafu wakakaa chini kwa heshima na kuwapa wageni mgongo. Muda ukapita. Bwana mmoja aliyekuwa na kamera ndefu kuliko mkono wake akamuuliza Fagio fisi wanangoja nini.

"Wanangoja watu wakamilike," Fagio akasema.

Jua lilikuwa limeanza kupungua makali mhanga alipotokea. Mhanga ni mnyama wa gizani, mwenye masikio ya punda na pua ndefu, na mtu anaweza kufanya kazi porini miaka mingi asimwone. Huyu alikuja mchana kweupe, akapita mbele ya benchi bila kumtazama mtu, akaanza kuchimba ubavuni mwa baba, upande wa ukutani. Alichimba shimo refu, la kina kizuri, lenye pembe zilizonyooka. Udongo aliutupa upande mmoja tu. Alipomaliza akatoka na kujikung'uta, fisi wakainuka, wakamshika mama kwa midomo laini, mmoja kichwani na wawili miguuni, wakamteremsha. Mhanga akafukia. Tai wakaondoka mmoja mmoja, kila mmoja akipita juu ya shimo mara moja.

Wageni walipiga makofi. Walitaka kujua mnyama yule alikuwa anatafuta nini.

"Mhanga huchimba kutafuta mchwa," Fagio akajibu, kwa sauti ileile ya kila siku. Alikuwa na furaha, na alitamani kumkumbatia mhanga shingoni na kumbusu ile pua ndefu mbele ya watu wote. Aliegemea fimbo.

Bwana Utulivu aliridhika nusu. Wageni wawili walidai kwamba waliahidiwa wanyama wakali wakaonyeshwa wanyama wenye adabu, na akawapa chakula cha jioni bure. Lakini bibi mwenye kofia pana, aliyekuwa amerudi kambini kwa mara ya pili, alisema hajawahi kuona kitu cha amani kama kile, na hilo likaingia kwenye kipeperushi kipya.

Kesho yake kaka alipiga simu. Fagio alimweleza yote, jinsi shimo lilivyonyooka, jinsi mama alivyolazwa upande alioutaka. Kaka alilia kidogo, akajikohoza.

"Kwa hiyo wanyama wamemzika mama, na mimi mwanawe nimerudi na shuka."

"Ndiyo, kaka."

"Haya. Nisikilize sasa. Mimi mguu wa kulia umeanza. Kwenye ukucha."

"Unawasha?"

"Unawasha. Na si mimi peke yangu. Huku karibu kila nyumba kuna mtu ana kitu, mwingine masikio, mwingine mkia. Mzee wa mtaa jana alimpigia simu meneja wenu kuulizia."

"Akasema nini?"

"Amesema kwa sasa nafasi ya mbawala ipo moja tu. Watatufanyia usaili."

Fagio aliweka simu mfukoni, akachukua tawi. Alikwenda moja kwa moja mpaka nyuma ya jiko, akapiga magoti mahali ambapo mchanga ulikuwa bado laini, akaweka viganja vyote viwili juu yake. Akamwambia mama kwamba chai leo hana, lakini sukari ingekuwa ya kutosha. Akamwambia habari za wajukuu, na za mguu wa kaka. Alipoinuka, mchanga ulikuwa na alama za magoti mawili na viganja viwili. Alizitazama. Kisha akazipitishia tawi, na kuzunguka benchi akaacha alama za fisi na za mhanga, kama inavyotakiwa.

Wageni wapya walifika magofuni baada ya chai. Wakasimama mlangoni, wakapapasa alama za kisu kwenye mwimo, wakasikiliza.

"Magofu haya ni ya kale," Fagio akasema. "Waliojenga hawajulikani."

Akaacha nafasi, kwa mazoea. Chumba cha mkono wa kulia hakikujibu.

"Ni kweli kwamba hapa hajawahi kuishi mtu?" akauliza mama mmoja aliyekuwa amevua viatu ili aihisi ardhi. "Yaani hata mmoja? Nimetembea njia nzima, sijaona hata unyayo wa mtu."

Fagio aligeuka akaitazama njia. Ilikuwa safi mpaka inakopotelea.

"Hata mmoja," akasema. "Nimefagia mwenyewe."

Wageni walicheka, wakaona wamepata mwongozaji mcheshi, wakamfuata kwenda ufukweni.